Siku Waliyomkagua Mzee Shaame

Siku ile mliponiandalia dua na chakula cha kuniaga, mlinipa kipaza sauti nikakirudisha. Mkadhani naona haya. Sikuona haya hata kidogo. Nilijua nikianza kusema nitasema maneno yasiyofaa kusikilizwa na watu wenye sahani za biriani mkononi. Sasa nimekaa nyumbani kwangu Jadida, sina benchi la wagonjwa la kulitazama, na mkono wangu bado una mazoea ya kuandika kila asubuhi, kwa hiyo nawaandikia nyinyi. Vyeo nilivyopewa na vyeo vilivyonipita sitavitaja. Mshahara mnaujua wenyewe, hauna la kuhadithia.

Nataka kuzungumza nanyi habari ya leseni. Kila ukifika wakati wa kuhuisha nawasikia mkinung'unika ukumbini: mara picha, mara ada, mara saa za mafunzo, mara saini ya msimamizi ambaye naye yuko safarini. Mna haki ya kunung'unika, hata mimi nilinung'unika. Lakini nyinyi mmeikuta leseni ipo, kama mlivyoukuta mnara wa simu. Mimi nilikuwepo ilipokuwa inaingia, na nilisimama chumba kimoja na mtu iliyemfikia akiwa ameshatibu nusu ya kaskazini ya Pemba.

Nilisoma chuo Unguja miaka mitatu baada ya skuli ya sekondari. Tulikuwa tukiitwa madaktari wasaidizi, na wapo wazee ambao mpaka leo wanatuita hivyo: mtu anayepima, anayeandika dawa, anayeshona jeraha, na akikwama anampeleka mgonjwa kwa daktari mkubwa. Nilirudi Pemba na cheti changu ndani ya bahasha ya plastiki, nimekishika boti nzima nisije nikakitapikia. Nilidhani kazi imekwisha. Nikaambiwa bado. Cheti kinasema umesoma, leseni inasema tumekuona ukifanya. Nikawekwa hospitali ya mjini mwaka mzima chini ya daktari aliyekuwa akisimama nyuma ya bega langu hata nikifunga kidole cha mtoto. Mwisho wake nikafanyiwa mtihani wa mdomo na wa mikono, nikatakiwa na barua ya sheha, mkubwa wa mtaa, kwamba nina tabia njema. Sheha wetu alikuwa mjomba wangu, na alishawahi kunichapa bakora kwa kuangua mashokishoki yake. Aliandika hivyo hivyo, tena kwa mwandiko mzuri.

Leseni ilipotoka nikapelekwa Kiuyu, kwenye kituo kidogo cha chumba cha kupimia, chumba cha dawa na baraza yenye benchi. Nilikwenda nikiwa nimevimba kichwa. Mwenye kituo alikuwa Mzee Shaame.

Mzee Shaame hakuwa na cheti cha chuo chochote. Baada ya Mapinduzi, wakati madaktari wengi walipokuwa wameondoka visiwani, yeye alikuwa kijana wa kufua bendeji hospitalini. Wakahitajika watu wa kufunga vidonda, akafundishwa kufunga vidonda. Wakahitajika watu wa kupiga sindano, akafundishwa sindano. Madaktari wa Kichina wakamfundisha kushona na kutoa meno, kwa ishara zaidi kuliko maneno. Alipoletwa Kiuyu hakuna aliyemuuliza karatasi, maana wa kumuuliza hakuwepo. Watu walimwita daktari, na wote waliozaliwa pale miaka ile walipita mikononi mwake kwa chanjo, kwa homa au kwa tohara.

Siku yangu ya kwanza alinitazama nikipanga vitabu vyangu mezani. Akavihamishia dirishani, taratibu, bila ya dharau, akasema meza ile ni ya mgonjwa kuegemeza mkono. Kisha akanikalisha upande wa mlango. Kazi yangu wiki nzima ilikuwa kumtazama mgonjwa anavyonyanyuka kwenye benchi mpaka anafika kwenye kiti, na kumwambia Mzee nimeona nini kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Nilichukia. Nilijiona nina leseni mpya na natumiwa kuhesabu watu wanaochechemea. Nimekuja kutibu miaka mingi kwa yale niliyoyaona kwenye hatua zile chache.

Alinifundisha na mengine. Chuma cha stetoskopu, ule mpira wa kusikilizia kifua, kipashe moto kiganjani kabla hujamgusa mtoto, la sivyo utasikiliza kilio badala ya kifua. Mwanamke wa Kiuyu hakwambii maradhi yake mwanzo. Ataanza na ya jirani, atapita kwenye mwili kumuuma wote, na lile lililomleta atalisema ameshashika kitasa cha mlango. Basi usimkatize, na ukimuona ananyanyuka usifunge kalamu. Nawaona nyinyi mnavyofunga kalamu.

Kulikuwa na jambo lake jengine ambalo mwanzo nililidhani ni ualimu. Akishamsikiliza mgonjwa kifua, alikuwa akinivulia stetoskopu na kusema, "Njoo nawe usikilize, ujifunze." Nikimaliza ananiuliza nimesikia nini. Nikimwambia, anatikisa kichwa na kuandika. Nilifurahi sana, nikajisifia kwa wenzangu wa Wete kwamba nimepata mwalimu. Mpaka siku moja, akimpima mzee mmoja mvuvi, nikaona kichwa cha stetoskopu kimegeuzwa upande uliofungwa. Mnajua wenyewe, upande ule husikii kitu, hata ungekiweka juu ya ngoma. Mzee Shaame alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akatikisa kichwa kwa makini, akanipa mimi. Nikakigeuza kichwa kile kwa kidole gumba na kusikiliza.

Baada ya siku ile nikaona yale ambayo Kiuyu nzima ilikuwa inayajua. Wagonjwa walikuwa wakisogeza kiti karibu na kupaza sauti. Wakitaka kumwambia neno wanamgusa goti kwanza, ili awatazame mdomo. Hakuna aliyetamka kwamba Mzee hasikii. Kumwambia mtu mzima aliyekutibu utotoni kwamba kiungo chake kimechoka si adabu, na tena walikuwa na hesabu yao: habari ikifika mjini, Mzee ataondolewa, na wataletewa kijana wa mjini, wa Gombani, ambaye ataomba uhamisho kabla karafuu hazijaanikwa. Walimkinga na yeye akajikinga, na mimi nikawa nasikiliza kila kifua baada yake.

Ndipo amri ikaja. Wazee wa zamani walikuwa wameachwa kwa muda, sasa muda umekwisha. Kila anayetibu lazima awe na leseni. Asiye na cheti cha chuo atakaguliwa pale pale anapofanya kazi, mbele ya mkaguzi, kwa wagonjwa wa siku hiyo. Akifaulu atapewa leseni yenye mipaka, kwamba maradhi haya utatibu na haya utayapeleka mbele. Akishindwa, ataweka chini vyombo. Mimi niliiona amri ni ya haki, na naiona hivyo hadi leo. Ilivyokuwa wakati ule, mtu yeyote mwenye koti jeupe na sindano angeweza kufungua duka la kutibia, na walikuwepo.

Mzee Shaame aliisoma karatasi ya masharti amesimama, akaikunja akaitia mfukoni. Tangu siku ile akaanza kuja kituoni na shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Mchana, wagonjwa wakiisha, alinitaka nimuulize vipimo vya dawa: mtoto wa uzito huu apewe nini, mjamzito asipewe nini. Alikuwa akijibu yote. Kulikuwa na dawa nilizozikosea mimi akanirekebisha. Nikajipa moyo, nikamgusa goti kama watu wote, nikamwambia, "Mzee, na masikio?"

Sikujua kama atanifukuza.

"Masharti nimeyasoma yote," akasema. "Kuna picha, kuna sheha, kuna uzoefu. Masikio hayamo."

Na kweli hayakuwamo. Usiku ule niliyasoma upya mwenyewe kuhakikisha. Walitaka kujua umesoma nini, umefanya kazi wapi na kama umewahi kufungwa jela. Kwamba unaona, unasikia, unalala usingizi, hawakuuliza.

Hapa niwaeleze jambo ambalo mimi nililijua baadaye, ili hadithi isiwachanganye. Kituoni alikuwepo mhudumu, Bi Mwanajuma, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuongoza harusi. Alikuwa akifagia, akichemsha vyombo, akipanga foleni, na wanawe wote walizaliwa mikononi mwa Mzee Shaame. Bi Mwanajuma alipopata habari kwamba mkaguzi atawatazama wagonjwa wa siku hiyo, aliona kwamba jambo kubwa kama hilo haliwezi kuachiwa wagonjwa wajiendee tu. Akawaita majirani nyumbani kwake, wakiwa wanakuna nazi, akawagawia maradhi.

Aliyagawa kwa haki kabisa. Huyu homa ya vipindi, yule kuharisha, huyu upele, yule kikohozi. Ni maradhi ambayo Mzee anayatibu hata amefumba macho, tena yasiyohitaji masikio. Kikohozi alimpa Bi Asha, jirani yake, ambaye ana kikohozi cha tumbaku tangu ujana na Mzee anakijua kwa miaka. Na akawasisitiza kila mtu abaki na lake, asichukue la mwenzake, mambo yasije yakachanganyika. Alikuwa akimpenda Mzee, na alifikiri sana. Hata leo siwezi kumcheka mpaka mwisho.

Mkaguzi alikuja kwa gari asubuhi, Daktari Salim, mtu wa Unguja, mpole, usemaji wake wa mjini. Nilipotoka barazani kumpokea nilishangaa. Siku za kawaida benchi letu lina watu wamejifunga kanga, watoto wanalia, mmoja amelala kabisa. Siku ile benchi zima limevaa nguo za sikukuu. Hakuna aliyekuwa akikuna mwili wala kuegemea ukuta. Wamekaa wima, midomo inatikisika kidogo, kama watoto wa chuo cha Kurani wanaorudia sura kabla mwalimu hajaingia.

Akaingia wa kwanza, mzee mmoja mkulima wa muhogo. Akakaa, akamsogelea Mzee na kusema kwa pumzi moja, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo, kwamba ana homa ya vipindi, huanza na baridi, ikafuatia na joto, kisha jasho jingi, na maumivu ya viungo. Nilimaliza miaka mitatu ya chuo nisiisikie malaria ikielezwa vizuri namna ile. Mzee Shaame akampima, akamuuliza maswali mawili, akaandika. Akaingia wa upele, akausoma upele wake. Akaingia wa kuharisha. Daktari Salim akaniinamia na kuniuliza kama watu wa Kiuyu wote husema kwa sauti kubwa hivi. Nikamwambia huku kwetu kuna upepo. Aliitazama miti nje, haikuwa inatikisika, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Lakini alikuwa akiridhika, na haikuwa bure. Mzee alikuwa anajua kazi. Alimkamata mkulima wa muhogo ana macho ya manjano, ambayo hayakuwamo kwenye mgao wa Bi Mwanajuma, na akampangia arudi. Nilianza kuona leseni ile ipo njiani.

Kisha akaingia Raya.

Raya alikuwa mwanamke kijana, mumewe yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi, na amembeba mtoto wake wa kike aliyekuwa anaanza kutembea. Kwenye mgao alipewa homa ya mtoto. Tofauti yake na wenzake ni kwamba mtoto wake alikuwa mgonjwa kweli. Aliugua baada ya mgao kwisha. Raya aliona ni jambo jema, kwamba hatalazimika kusema uongo.

Akaeleza kama alivyofundishwa: homa tangu juzi, anatapika, hali kitu. Mzee akamwekea kipimajoto, joto lilikuwa juu. Mtoto alikuwa anapumua haraka haraka, lakini mtoto mwenye moto mwilini hupumua haraka, na Kiuyu ya miaka ile homa ya mtoto ilikuwa malaria kabla haijawa kitu chengine. Daktari Salim alishashusha kalamu. Hata mimi nilishaliona jibu. Ilibaki Mzee kuandika dawa ya malaria na kuita mwengine, na huyo mwengine alikuwa wa mwisho.

Mzee Shaame hakuandika. Alikuwa anamtazama mtoto, amelala kwenye bega la mama yake, hataki kushikwa, hataki kulia. Akapasha chuma moto kiganjani, akakiweka mgongoni mwa mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu. Akahamisha. Akasikiliza tena. Akavua mpira masikioni, akauvaa upya, akaukandamiza. Nilimuona jasho linamtoka kwenye paji.

"Yuakohoa?" akamuuliza Raya.

Raya akageuza uso kuelekea mlangoni, aliposimama Bi Mwanajuma. "Hakohoi," akasema.

Nataka mkione chumba kile. Mgonjwa amesema, mkaguzi ameridhika, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuniambia njoo nawe ujifunze. Kama angesema hivyo Daktari Salim asingelitambua lolote, angeona ni mzee anamfundisha kijana. Nilikuwa nimeshanyanyuka, nangoja maneno yale. Nadhani aliyaona yanavyomjia mdomoni, akayakataa. Akanivulia stetoskopu, akaunyoosha mkono wake mbele ya mkaguzi.

"Sikiliza wewe, Mize," akasema. "Mie kifua sikisikii. Kwa siku nyingi sikisikii."

Nilisikiliza. Upande wa kulia chini kulikuwa na ule mlio mdogo, kama chumvi ikimwagwa kwenye kikaango cha moto. Daktari Salim akasikiliza baada yangu, akanitazama. Nikasema kichomi, homa ya mapafu, naye akakubali. Raya akaanza kulia. Akasema mtoto anakohoa tangu jana usiku hawajalala, lakini kikohozi kapewa Bi Asha, yeye kaambiwa homa, na aliogopa akikichukua atamharibia Mzee. Hivyo ndivyo mgao ulivyojulikana. Bi Mwanajuma alijifunika uso kwa kanga, akaketi chini pale pale mlangoni.

Mtoto alipigwa sindano ya kwanza kituoni na akapelekwa Wete kwa gari la mkaguzi. Alipona, na mmoja wenu amefundishwa naye skuli. Ukaguzi uliishia hapo. Daktari Salim alimuuliza Mzee maswali yake kwa sauti ya kawaida, akaona, akayarudia kwa sauti kubwa. Akamwambia kwa heshima kwamba leseni hawezi kumpa. Aende akapimwe masikio, na akirudi na jibu watazungumza upya. Mzee Shaame akatikisa kichwa, akakunja koti lake jeupe, akaliweka juu ya meza, pale alipokuwa hataki niweke vitabu.

Wapo Kiuyu walioninunia msimu mzima. Walisema masikio yangu ndiyo yaliyomtoa. Bi Mwanajuma yeye hakuninunia, alijinunia mwenyewe, na alifagia baraza ile bila ya kuimba kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa na hasira, niseme kweli. Nilimkasirikia Mzee kwa kunyamaza, na wakati huo huo nilimuonea fahari. Nimeishi na vitu viwili hivyo na sijaona haja ya kuchagua kimoja.

Niwaambie kabisa kwamba leseni hakuipata, msije mkasoma mkiitarajia. Masharti ya sasa yana swali juu ya afya ya mwombaji: una tatizo lolote la kuona, kusikia, akili, au maradhi ya kudumu. Sijui nani aliliweka. Nawajua wanaojibu "hakuna" bila ya kulisoma, mmoja wao anavaa miwani aliyoiazima kwa mkewe. Swali lile halikuwekwa kuwafukuza kazi. Mtu akiogopa kufukuzwa hujificha, na akijificha hakuna anayemtibu, na tabibu asiyetibiwa ni hatari kwa watu wanaompenda kuliko kwa mwengine yeyote. Hilo nimelijua kwa sababu ya lililofuata.

Mzee Shaame alikaa ndani siku nyingi. Tulipompelekea chakula alikipokea mkewe. Kisha asubuhi moja nikatoka barazani kuita mgonjwa, nikamuona amekaa mwisho wa benchi, kofia kichwani, shati la kawaida lisilopigwa pasi. Watu walikuwa wamemwachia nafasi mbele, akaikataa. Alingoja zamu yake mpaka ikafika, akaja kwenye kiti, na mimi nikajikuta namtazama anavyotembea kama alivyonifundisha. Akakaa kiti cha mgonjwa. Akasema amekuja kwa ajili ya masikio.

Nilichukua taa ya masikio nikatazama. Sikuona kitu. Nilitazama upande wa pili, sikuona kitu. Kote kulikuwa kumejaa nta, imekauka, nyeusi, imeziba kabisa. Nilimpa mafuta ya kutia kila siku ili ilainike, nikamwambia arudi. Hakuuliza ni nini, na mimi sikumwambia, kwa sababu sikujua nyuma ya nta ile nitakuta nini, na kwa sababu nilikuwa naona tabu kulisema. Mtu yule alishaosha masikio ya watoto wa Kiuyu miaka na miaka. Katika miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwambia akae, ageuze kichwa, atazamwe.

Aliporudi nilichemsha maji nikayaacha yawe vuguvugu. Bi Mwanajuma akashika kidishi chini ya sikio, nami nikasukuma maji taratibu kwa bomba kubwa lisilo na sindano. Sikio la kushoto lilitoa taka zake, lakini ndani yake ngoma ya sikio ilikuwa imeshakufa zamani, ina kovu. Hapo hapakuwa na la kufanya. Nikahamia kulia. Nilisukuma maji, nikangoja, nikasukuma tena. Kikatoka kipande kimoja kikubwa, kikafuatia kingine, maji yakatoka safi. Nikatazama kwa taa. Ngoma ilikuwa nzima, inang'aa.

Mzee Shaame alibaki ameinamisha kichwa, taulo begani, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Akamtazama Bi Mwanajuma, aliyekuwa akimimina maji kwenye ndoo, akayatazama yale maji. Mimi nilishaanza kupanga maneno. Nilitaka kumwambia twende Wete siku hiyo hiyo, tumpigie simu Daktari Salim, sikio moja linatosha kusikiliza kifua, wapo wanaofanya kazi na sikio moja. Furaha ilikuwa imenijaa, nilikuwa karibu kucheka.

Barazani mtoto akakohoa. Mzee akanyanyua kichwa, akaniuliza nani huyo. Nikamtaja mama yake. Mtoto akakohoa tena, kile kikohozi cha chini, cha mfululizo, kinachovuta pumzi mwishoni, nasi sote watatu tukakisikiliza mpaka kikaisha. Uso wa Mzee ukabadilika.

"Mize," akasema, na alisema polepole, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kabla hujaja wewe. Wale watoto wa homa, walikuwa wakikohoa hivi hivi?"

Bi Mwanajuma aliweka ndoo chini. Kabla yangu, kila kifua cha mtoto wa Kiuyu kilisikilizwa na yeye peke yake. Nje mtoto akaanza tena, na Mzee Shaame akajipangusa shingo, akanyanyuka kwenye kiti kumpisha.